KAMBA YA MCHUNGAJI: MAZUNGUMZO JUU YA KUMWOKOA MWENZETU ANAYETOKWA NA DAMU

(Maneno haya yalisemwa na Halmashauri ya Tawi katika mkutano wa Lodwar, mbele ya madereva, matanboi, mafundi wa barabara na wahudumu wa hospitali. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa safarini.)



Twajua wengine mmetoka Kakuma alfajiri, na wengine mmeyaacha magari yakipakuliwa, kwa hiyo hatutawachosha kwa salamu ndefu. Tumeombwa tuzungumze juu ya damu kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe, ambalo wengi wenu mmelisikia vipande vipande, kila mtu kwa namna yake. Ni afadhali mlisikie kwetu.

Tulikuwa watu wanne katika lori, tumekwisha kuipita Kakuma, tukielekea huku Lodwar. Gurudumu la mbele lilipasuka na gari likalala ubavu kando ya laga. Watatu tulitoka na mikwaruzo tu. Tanboi wetu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikatwa paja na bati la ubavu wa gari. Damu ilitoka kwa kuruka, nyekundu sana, ikifuata mapigo ya moyo. Tulifanya tulilolijua. Tulichukua leso, tukamfunga juu ya jeraha, tukaona tumefanya vema. Damu ikazidi. Tukaongeza kitambaa juu ya kitambaa, na kila kimoja kikalowa. Katika sanduku la huduma ya kwanza la gari mlikuwa na plasta tano za kidole, kichupa cha dawa kilichokauka, na risiti ya mafuta.

Pikapu ilitokea, ikatuchukua. Njia nzima kijana aliomba maji, nasi tukampa. Alisema anaona baridi, ilhali jua la saa sita lilikuwa likitupiga vichwani, nasi tukadhani ni hofu. Tulipofika hospitali, wauguzi walimpokea mbio, na painti moja ya damu ya kundi lake iliyokuwako ikaingizwa mara moja. Kisha tabibu akatoka nje akatuuliza: nani kati yenu atatoa damu? Tukatazamana. Mmoja wetu alisema hajala tangu jana. Wa pili alisema lazima arudi kuulinda mzigo. Wa tatu alikubali, lakini saa ilikuwa imekwenda, na damu yake ilipokuwa bado ikipimwa, kijana alikata roho.

Hatusemi haya kuwalaumu watu wa hospitali, maana walifanya yote yaliyokuwa mikononi mwao. Makosa mawili yalikuwa yetu. La kwanza lilikuwa ile leso, na la pili lilikuwa kule kutazamana. Juu ya hayo mawili ndiyo tunataka kusema leo.

Tuanze na leso. Wenzetu Waturkana mliokaa hapa mbele mwaijua habari hii kuliko sisi. Mchungaji anapotaka damu ya ng'ombe au ngamia, humfunga kamba shingoni, si ya kumnyonga, bali ya kumbana kiasi. Mshipa hujaa, hutokeza nje. Huutoboa kwa mshale mfupi wenye kizuizi usizame, damu hutiririka chomboni, na akiisha kupata ya kutosha huilegeza kamba, damu ikasimama. Mnyama huenda zake malishoni. Ufundi huo ni wa zamani, nao ni sahihi kabisa. Lakini fikirini: kamba ile ilifungwa ili damu itoke, na ilifunguliwa ili damu isimame.

Sababu yake ni hii. Mwilini mna mishipa ya namna mbili. Iko ipelekayo damu kutoka moyoni, nayo hukaa ndani zaidi na hubeba nguvu ya pigo la moyo. Na iko irudishayo damu moyoni, mingi yake ikipita karibu na ngozi, nayo ni laini na nguvu yake ni ndogo. Kamba ya kubana kiasi huziba njia ya kurudi tu. Njia ya kuja hubaki wazi. Basi damu huingia mguuni, haipati pa kurudi, nayo humwagika jerahani. Hata muuguzi anapomfunga mpira mkononi mtu anayechangia damu, hufanya vile vile afanyavyo mchungaji. Sisi tulimfunga tanboi wetu kamba ya mchungaji. Tulikuwa tunamkamua.

Kamba ya kuokoa ni nyingine. Kwanza, kabla ya kamba yo yote, ni mkono. Gandamiza jeraha kwa kitambaa na kwa uzito wa mwili wako wote, viwiko vimenyooka, kwa dakika kumi bila kuchungulia. Kila unapochungulia, donge la damu lililoanza kuganda hubanduka. Jeraha likiwa la kinena, la kwapa au la shingo, ambapo kamba haiwezi kufungwa, gandamiza kwa nguvu hapo hapo. Na lile la kinena au la kwapa likiwa na shimo, shindilia kitambaa mpaka ndani kabisa, kisha ugandamize. Wako wanaotia majivu, udongo, hata petroli. Hayo hayazuii cho chote, nayo huleta ugonjwa baadaye, akiwako wa kuugua.

Damu ya mkono au mguu ikiendelea kuruka ijapokuwa mmegandamiza, au mkiona tangu mwanzo kwamba inamwagika kama bomba, hapo fungeni kamba ya kukaza. Isiwe kamba nyembamba wala waya, maana hukata nyama. Iwe ukanda mpana wa vidole vitatu. Ifungwe kati ya jeraha na mwili, upana wa vidole vitatu au vinne juu ya jeraha, na isiwe juu ya goti wala kiwiko. Tieni kijiti imara katika fundo, mkizungushe mpaka damu isimame kabisa. Mgonjwa atalia kwa maumivu. Mwacheni alie, wala msilegeze. Kipimo si kwamba kamba yaonekana imekazwa. Kipimo ni kwamba damu imesimama. Fungeni kijiti kisirudi nyuma, na mwandike saa juu ya ngozi yake, kwa kalamu au hata kwa mkaa.

Watu huuliza: mguu hautakufa? Kwa saa mbili hatari hiyo ni ndogo. Kutoka Kakuma hadi hapa ni yapata kilomita 120, na njia siku hizi si ile ya mashimo tuliyoijua zamani, kwa hiyo mara nyingi mtafika. Pakiwa mbali zaidi, kuilegeza ni kazi ya aliyefundishwa, si ya dereva. Kule kulegeza kidogo kidogo njiani "ili mguu upate hewa" kumeua watu wengi, maana kila mara mtu hupoteza kikombe kingine cha damu, na hana vikombe vingi.

Mtu mzima ana damu kama lita tano. Akipoteza kama robo tatu ya lita, huenda msione kitu. Akifikia lita moja au moja na nusu, moyo hukimbia, ngozi hupoa na kuwa na jasho, kiu humshika. Ikipita hapo, maneno yake huanza kuchanganyika, hugombana na wanaomsaidia, na wengine hudhani amelewa. Ikifika lita mbili, mauti iko mlangoni. Kwa hiyo ile kiu na ile baridi ya kijana wetu hazikuwa hofu. Zilikuwa habari, nasi hatukuwa tumefundishwa kuzisoma. Tena si kila damu huonekana: mfupa wa paja ukivunjika, lita nzima na zaidi yaweza kujificha ndani ya paja bila tone kuanguka chini. Ya tumboni na kifuani haifungiki kwa kamba yo yote. Mtu huyo dawa yake ni kisu cha daktari, na kazi yenu ni kuendesha.

Mfunikeni. Twajua mtacheka: blanketi katika jua la Turkana! Lakini mwili usio na damu hauna moto wake wenyewe, na damu iliyopoa haigandi. Madaktari wana neno juu ya mambo matatu yanayokwenda pamoja na kumwua aliyejeruhiwa: baridi ya mwili, ukali wa asidi katika damu, na damu kukataa kuganda. Kila moja huyazidisha yale mengine mawili. Wala msimpe maji ya kunywa akiwa anapelekwa kupasuliwa. Loweni kitambaa mmpanguse midomo.

Sasa tuingie hospitali. Wengi wetu tumezoea kuona kwamba mgonjwa akining'iniziwa dripu ya maji ya chumvi, basi ameokoka. Zamani hata madaktari walidhani maji mengi ndiyo matibabu. Mwaka 1994 madaktari wa Houston, Marekani, walitoa habari za majeruhi 598 waliochomwa visu au kupigwa risasi kiwiliwilini. Waliopewa maji mengi mara moja, kabla ya kupasuliwa, walipona 62 katika mia. Waliongojeshwa mpaka wafike chumba cha upasuaji walipona 70 katika mia. Dereva ye yote ataelewa. Tangi likitoboka, ukilijaza maji kwa nguvu, hutoka kwa nguvu, hata lile donge lililoanza kuliziba tundu husukumwa nje. Na kilichobaki ndani ni maji matupu, baridi, yasiyobeba hewa wala yasiyoganda. Basi mkiona tabibu anatia maji kidogo tu, kiasi cha kuifanya akili ya mgonjwa ikae na mapigo yasikike, msimpigie kelele kwamba ana ubahili. Anangoja damu.

Iko dawa moja ya kusaidia, nayo si ya bei kubwa: asidi ya traneksamiki. Ilivumbuliwa Japani na Bibi Utako Okamoto na mumewe, na mwaka 1962 wakaitangaza. Kazi yake ni kulilinda donge la damu lisiyeyushwe. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya majaribio makubwa ya majeruhi 20,211 katika nchi 40. Katika kila majeruhi elfu, waliopewa dawa walikufa 145, na wasiopewa 160. Watu kumi na watano katika elfu si wengi mpaka mmoja wao awe ndugu yako. Lakini dawa ina masharti: itolewe mapema, kabla ya saa tatu tangu kuumia. Ikitolewa baada ya hapo yaweza kuleta madhara. Ndiyo maana tabibu hukuuliza ameumia saa ngapi, na jibu la "asubuhi asubuhi" halimsaidii.

Hayo yote ni ya kununua muda. Kinachorudisha ni damu. Siku hizi madaktari wa penye mali hutenganisha damu sehemu tatu, chembe nyekundu, plazma, na zile chembe ndogo za kugandisha, kisha humpa majeruhi zote tatu kwa vipimo karibu sawa, yaani hurudi kule kule kwenye damu nzima. Hapa kwetu twatumia damu nzima mara nyingi kwa sababu hatuna mashine za kuitenganisha. Kwa mtu anayevuja sana, umaskini huo si hasara kama watu wanavyodhani. Damu nzima iliyotoka mwilini hivi punde ina vyote vitatu, tena ina joto.

Taabu ni kwamba damu haitengenezwi kiwandani, wala haikai kama unga. Damu nzima hukaa siku 35 tu, katika jokofu la digrii 2 hadi 6, na jokofu hilo lataka umeme usiokatika. Lazima ipimwe Ukimwi, homa ya ini ya B na ya C, na kaswende. Lazima kundi lake lilinganishwe na la mgonjwa, maana damu ya kundi lisilopatana huua, na kuilinganisha barabara huchukua hata saa nzima. Daktari akikosa nafasi hutoa ya kundi la O bila kungoja, lakini hiyo nayo lazima iwe imekwisha kupimwa. Kwa hiyo ndugu akivuja sasa hivi, damu inayomfaa zaidi ni ile iliyotolewa wiki iliyopita na mtu asiyemjua. Nchi yetu ilijifunza hayo kwa uchungu tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipoua watu 213 Nairobi na kujeruhi maelfu. Watu walipanga foleni kutoa damu, nasi twawaheshimu, lakini foleni si ghala. Baada ya hapo ndipo mpango wa taifa wa damu ulipojengwa, pamoja na vituo vya mikoa, cha kwetu cha karibu kikiwa Eldoret. Fedha nyingi za mpango huo zilitoka Marekani, na zilipokoma mwaka 2019 hospitali za nchi nzima ziliona rafu tupu.

Na Eldoret si karibu. Kutoka Lodwar hadi Kitale peke yake ni kama kilomita 300. Turkana ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Mtu aliyepigwa risasi katika wizi wa mifugo huko mpakani, ndugu zake wa kumtolea damu wako na ng'ombe, mwendo wa siku mbili. Kakuma kambi ilianzishwa 1992 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Sudan, na tangu hapo wamekuja wa Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi. Wengi wao hawana ndugu hata mmoja wa kuitwa usiku. Wazee kati yenu mwakumbuka Lopiding, hospitali ya Msalaba Mwekundu kule Lokichoggio, iliyofunguliwa 1987 na kukabidhiwa serikali 2006, jinsi ndege zilivyokuwa zikileta majeruhi kutoka ng'ambo. Wengi walifika siku kadhaa baada ya kuumia. Watu walistaajabu kwamba wapona. Walikuwa wakiwaona wale ambao hawakuvuja damu sana. Waliovuja walibaki kule kule walikoangukia.

Basi tukiuliza nani yuko karibu na hospitali usiku na mchana, ana nguvu, ana uzito wa kutosha, na anajulikana mahali pa kupatikana, jibu ni sisi. Ni wapakuzi, madereva, walinzi, mafundi, wafagiaji wa wodi, na wenzetu wakimbizi wanaofanya kazi kamili kwa posho ndogo. (Jambo hilo la posho tutalirudia mkutano ujao, halijasahauliwa.)

Twazijua hofu zenu kwa sababu zilikuwa zetu. Mmoja wetu aliogopa kudhoofika. Kinachotolewa ni mililita 450, chini ya sehemu moja ya kumi ya damu yako. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu kwa majuma machache. Hupokewi kama hujatimiza kilo 50, au kama una damu pungufu. Umri ni miaka 16 hadi 65. Mwanamume hungoja miezi mitatu kabla ya kutoa tena, mwanamke minne. Mchungaji hamtobói ng'ombe yule yule kila wiki, na hospitali hali kadhalika. Mwingine aliogopa kupimwa Ukimwi. Hilo hatulifanyii mzaha, lakini majibu ni siri yako, na mtu akijua leo atapata dawa na kuishi. Wa tatu alisikia ati damu huuzwa. Kwa kanuni haiuzwi, na akitokea mtu wa kuiuza, huyo ni mwizi. Tuleteeni habari zake pamoja na mashahidi.

Kwa upande wa waajiri, Halmashauri imeandika barua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kuweka sanduku la huduma ya kwanza mahali panapofikika. Sheria haikusema sanduku la risiti za mafuta. Twadai kila lori na kila kambi ya barabara iwe na kanda mbili za kukaza, bendeji pana, glavu, blanketi na kalamu ya wino usiofutika. Twadai watu wawili katika kila kikosi wafundishwe kwa saa za kazi. Na twadai siku ya kutoa damu ihesabiwe siku ya kazi, kwa malipo kamili, maana mtu asilazimishwe kuchagua kati ya kulinda mzigo na kulinda roho.

Daftari liko mezani kwa Katibu. Andikeni jina, mahali pa kazi, namba ya simu, na kundi la damu kwa anayelijua. Hospitali itapima tena kila mara, kwa hiyo asiyelijua asione haya. Wenye kundi la O Katibu atawaita kwanza, na kwa zamu, ili wasiitwe wote siku moja na kisha wasiwepo miezi mitatu. Walioandika majina Lodwar watatoa Lodwar, wa Kakuma watatoa Kakuma. Mmoja wetu aliyekuwa katika lori lile ameandika jina lake mstari wa kwanza, naye ndiye aliyesema hajala tangu jana.

Tumekuja na kanda sita na vijiti vyake. Wanaotaka kujifunza kukaza wabaki. Tutaanza na madereva wa usiku, kwa kuwa wanaondoka saa kumi na mbili.